Nyumba Moja, Wazee Wawili

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo.

Leo nina maneno na wale walio katikati. Asubuhi unamwamkia mama chumbani kwake, "Shikamoo." Nusu saa baadaye umetoka nje, na kila anayepita anakuamkia wewe, unaitikia "Marahaba" mpaka koo linakauka. Una miaka 58, au 62, au 67. Mama ana 84, au baba ana 90. Mnaishi chini ya paa moja, na ukimuuliza mtu yeyote nyumba ile ina wazee wangapi, atakujibu: mmoja.

Hesabu inaharibikia hapo. Nyumba ile ina wazee wawili. Mmoja anatunzwa na mwingine anatunza, lakini miili yote miwili inateremka mlima uleule, mmoja akiwa ametangulia. Vifaa vinanunuliwa kwa ajili ya mmoja, daktari anatafutwa kwa ajili ya mmoja, na mgongo unaotumika ni wa yule asiyehesabiwa.

Nianze na huo mgongo. Misuli ya binadamu huanza kupungua akiwa na miaka ya thelathini na kitu, polepole sana, kisha kasi huongezeka baada ya 60. Mwenyewe hajui, kwa sababu siku zake za kawaida hazimdai nguvu nyingi. Anakuja kujua siku baba mwenye kilo 60 ameteleza kati ya kitanda na mlango. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, NIOSH, imeweka kilo 23 kuwa kikomo cha mzigo wa kuinua kwa mikono pale kila kitu kinapokuwa sawa. Kwa kumwinua mgonjwa, mtafiti wa taasisi hiyo, Thomas Waters, aliandika mwaka 2007 kwamba kikomo kishuke hadi kilo 16. Sanduku halishtuki wala halikukamati. Mtu hana mishikio, hugeuka ghafla, na akiogopa hukung'ang'ania. Kwa hiyo anayeuliza "nimwinueje?" jibu lake ni kwamba humwinui. Unamwongoza ainuke mwenyewe, au unasubiri watu na vifaa.

Mzazi akianguka, kaa naye chini kwanza. Haraka ndiyo huumiza watu wawili badala ya mmoja. Muulize kuhusu kichwa, shingo, nyonga. Tazama miguu yake: mguu mmoja ukionekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umelalia nje, ichukulie kwamba nyonga imevunjika. Usimsogeze, mfunike, ita msaada. Kama anatumia dawa za kuzuia damu isigande na amegonga kichwa, ni hospitali, hata kama anacheka na kukutania. Ikiwa hana maumivu makali, leta viti viwili imara visivyo na magurudumu. Ajigeuze ubavu, ajisukume kwa kiwiko na kiganja mpaka akae mkao wa mtoto anayetambaa. Kiti kimoja kiwe mbele yake; aweke mikono yote miwili juu yake, alete mbele mguu wenye nguvu, unyayo wote ukanyage sakafu, halafu asukume kwa mikono na mguu huo. Kazi yako wewe ni kusogeza kiti cha pili nyuma yake akae. Apumzike hapo dakika kadhaa kabla ya kusimama. Akijaribu mara mbili akashindwa, acha: mto chini ya kichwa, blanketi, simu. Usiache muda upotee bure, maana kulala sakafuni zaidi ya saa moja huanza kuumiza ngozi na misuli, na misuli iliyogandamizwa hutoa taka zinazoweza kuzilemea figo.

Zoezi hilo lifanyeni siku njema, wote wawili, na wewe ulale chini kama yeye. Uwezo wa kuinuka kutoka sakafuni huondoka bila kuaga kwa sababu hakuna anayeuhitaji kila siku. Walezi wengi wa miaka 60 na kitu hugundua wameupoteza wakiwa wamekwisha kupiga magoti pembeni ya mzazi.

Kumtoa kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu ni jambo la kila siku, na kosa lake ni la kila siku pia: mzazi anaambiwa, "Nishike shingo." Asikushike shingo kamwe, kwa sababu uzito wake wote utaning'inia kwenye pingili zako. Kiti kikae upande wake wenye nguvu, kimeelekea kitanda kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, breki zote mbili zimefungwa, vikanyagio vimeondolewa njiani. Asogee mpaka ukingoni mwa kitanda, nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti, ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Kuinama huko ndiko kunakomwinua. Anayejaribu kusimama huku ameegemea nyuma atarudi kukaa, na atakwenda nawe. Mfunge mkanda mpana kiunoni juu ya nguo, ushike mkanda badala ya makwapa, kwani kumvuta makwapa huumiza mabega, hasa bega la upande uliopooza kwa kiharusi. Hesabu tatu kwa sauti ili mwondoke pamoja. Kitanda kikiwa chini mno, mbinu zote hizi zitakuwa kazi ngumu. Kiinue kwa magogo yaliyochongwa shimo la kupokea mguu wa kitanda, mpaka akikaa magoti yake yawe chini kidogo ya nyonga. Ukishakiinua utashangaa, na wewe unapotandika hulazimiki tena kukunja mgongo.

Bafuni nitapita haraka, mengi mnayajua. Mshikio wa ukutani uwe kati ya sentimita 84 na 91 kutoka sakafuni, na skrubu zake ziingie kwenye tofali au mbao nene, si kwenye lipu. Fito ya kutundikia taulo si mshikio. Kiti cha choo, sentimita 43 hadi 48. Maji ya kuoga yasizidi nyuzijoto 40 hivi. Ya nyuzi 60 huunguza ndani ya sekunde chache. Watu husema pima kwa kiwiko. Mimi nasema nunua kipimajoto, maana kiwiko chenyewe kina miaka 65.

Kuhusu macho kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha takriban theluthi moja tu ya mwanga unaopita kwenye jicho la kijana wa miaka 20, kwa sababu mboni imekuwa ndogo na lenzi imegeuka manjano. Taa iliyofungwa na fundi kijana, akasema "inatosha", inamtosha yeye. Wekeni taa ndogo za usiku kuanzia ukingo wa kitanda hadi choo, bila kuacha pengo la giza katikati. Na miwani yenye lenzi ya kusomea upande wa chini isivaliwe kwenye ngazi: ukitazama chini unapitia sehemu ya kusomea, na ukingo wa ngazi unapotea kwenye ukungu. Hili ni lako wewe kabla ya kuwa la mama, maana ndiye unayepanda na kushuka ukiwa umebeba beseni.

Presha pimeni wote, na mpime kwa namna inayoonyesha kitu. Mtu alale chali dakika 5, apimwe. Asimame, apimwe tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, hicho ndicho kizunguzungu cha asubuhi mnachokilaumu kwa uchovu. Mara nyingi chanzo ni dawa zenyewe, au maji machache mwilini. Hisi ya kiu hupungua kadiri umri unavyosonga, kwa hiyo "sina kiu" ya mtu wa miaka 85 haina maana kwamba mwili una maji. Andika namba zote tatu, mpelekee daktari. Usipunguze dozi kwa akili yako.

Sasa masikio, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ugomvi wa nyumba hizi unapozaliwa. Usikivu wa uzeeni hupotea kuanzia sauti nyembamba. Irabu ni nene, zinabaki. Zinazopotea ni konsonanti kama s, f, t, k. Chukua maneno haya: saa, taa, faa, kaa, paa. Kwa sikio lililochoka yote matano ni "aa". Unamwambia mama "zima taa", yeye anaangalia saa. Kisha unapaza sauti. Unapopiga kelele unaongeza irabu, ile sehemu aliyokuwa anaisikia tayari. Konsonanti zinabaki palepale, na uso wako unaonekana una hasira. Zima redio. Kaa mbele yake, mwanga ukimulika uso wako, si mgongo wako. Teremsha sauti iwe nene, punguza kasi, na kama hakusikia badilisha maneno badala ya kurudia yaleyale: "zima taa" iwe "balbu hii, izime." Kabla ya hayo yote mpeleke akaangaliwe nta, kwa sababu sikio lililoziba kwa nta linatibika siku hiyohiyo. Na pengine, mwanangu wa miaka 63, si yeye peke yake asiyesikia. Watu wawili wenye masikio mabovu wakiishi pamoja, kila mmoja huamini mwenzake ananung'unika.

Dawa. Katika nyumba yenye mgonjwa mmoja, hatari ni kusahau. Katika nyumba yenye wawili, hatari ni kubadilishana. Wote mna presha, wote mna pakiti zinazofanana, mmoja wenu hakuvaa miwani. Kidonge cha kisukari cha mlezi, kwa mfano glibenklamidi, kikimezwa na mzazi asiye na kisukari, sukari yake inaweza kushuka mpaka akapoteza fahamu, na inaweza kushuka tena saa kadhaa baada ya yeye kuonekana amepona, kwa hiyo huyo anapelekwa hospitali hata kama amezinduka kwa kupewa kitu kitamu. Tenganisheni kwa chumba. Rafu mbili za kabati moja hazitoshi. Kila mtu awe na kikasha chake cha siku saba chenye rangi yake, kijazwe siku moja ya wiki, mchana, mezani pasipo na pakiti za mwenzake.

Na orodha iwe moja kwa kila mtu: jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, saa ya kumeza, inatibu nini, nani aliiandika. Safu ya "inatibu nini" ikiwa tupu, hilo ni swali la kumpelekea daktari. Ziandikwe hata za kununua bila cheti, kwa sababu huko ndiko madhara yanakojificha. Dawa za mafua na za usingizi zenye klorofeniramini au difenhidramini huwachanganya wazee akili, hukausha mdomo, hufunga choo, huzuia mkojo. Zimo katika orodha ya Beers, iliyoanzishwa mwaka 1991 na daktari Mark Beers, ya dawa za kuepuka kwa wazee. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki, zikiungana na vidonge vya presha vya aina fulani na vya kukojosha, huweza kuangusha figo. Nani anameza diklofenaki nyumbani humo? Mlezi, kwa ajili ya mgongo. Naye ana vidonge vya presha.

Hapo niseme jambo moja la haraka, lakini lishikeni. Mzazi aliyekuwa anakumbuka vizuri juzi, leo anaongea mambo yasiyoeleweka, au amezubaa hataki kuamka, huo si uzee wala si ugonjwa wa kusahau. Ugonjwa wa kusahau huja kwa miezi na miaka. Kinachokuja kwa saa au siku ni dharura ya mwili: maambukizi, mkojo uliozuiwa, choo kilichofunga, maji kupungua, dawa mpya. Mpeleke siku hiyohiyo na uende na orodha ya dawa.

Kulala. Mlezi anayeamshwa mara tatu usiku hana usingizi, ana vipande vya usingizi, na mwanamke aliye katika kukoma hedhi huamshwa na joto la mwili wake mwenyewe katikati ya vipande hivyo. Muulizeni daktari kama kidonge cha kukojosha kinaweza kumezwa asubuhi badala ya jioni. Miguu iliyovimba iinuliwe alasiri kwa saa moja au mbili, ili maji yaliyokusanyika yatoke kabla ya kulala. Mzazi asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa, na kawaida ya zamani ni kila saa 2. Godoro zuri la kupunguza mgandamizo linaweza kuruhusu muda mrefu zaidi, lakini ngozi ndiyo inayoamua. Bonyeza kwa kidole pale palipo pekundu, visiginoni, nyongani, mwisho wa uti wa mgongo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa: tafuta joto, ugumu au maumivu. Doa lisilopauka ukibonyeza ni kidonda kilichoanza chini kwa chini, na muda wa kumgeuza ufupishwe. Usiku wawili kwa juma wa mtu mwingine kushika zamu si anasa. Waswahili walishasema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa mlezi mara nyingi ni hospitali, yeye akiwa ndiye mgonjwa.

Nigeukie jambo lisilopimika kwa sentimita. Kuzeeka ukiwa bado mtoto wa mtu ni hali ya ajabu. Una mvi, lakini kuna mtu anayekuuliza umekula, anayekukataza usitoke na mvua. Wengi wetu tunaitikia kwa kuficha. Daktari amesema mtoto wa jicho unahitaji upasuaji, unanong'ona na ndugu zako, "Mama asijue." Mimi naona hilo ni kosa, na sababu yangu si ya hisia. Huyo mtu amepita miaka 60 yako kabla yako, akiwa na damu ileile. Muulize: magoti yalianza lini? Macho? Usingizi? Alivunjika mfupa wowote kwa kuanguka kidogo tu? Kipimo cha FRAX, kilichotengenezwa Sheffield, Uingereza, na kutolewa mwaka 2008 kukadiria hatari ya kuvunjika mifupa, kinauliza waziwazi kama baba au mama yako aliwahi kuvunjika nyonga, kwa sababu jibu linabadilisha hatari yako wewe. Glakoma, yaani presha ya macho, ikiwa kwa mzazi, mtoto apimwe macho hata kama anaona vizuri, maana ugonjwa huo hula uoni wa pembezoni kwanza na mwenyewe hatambui. Kisukari vivyo hivyo. Mzazi anayeulizwa mambo haya anakuwa mtu mwenye habari zinazohitajika, na siku hiyo hatakuuliza umekula.

Lakini si yote hurithiwa, na hofu nyingi za walezi zinatokana na kudhani kwamba kila wanachokiona kitandani ni ratiba yao. Mguu uliokatwa kwa sababu kisukari hakikutibiwa miaka 20 haukuwa kwenye damu. Tenganisha alichozaliwa nacho na kilichompata.

Hasira itakuja. Aibu itafuata hasira. Ukihisi mkono unataka kuvuta kwa nguvu, mweke salama, toka chumbani, dakika 10. Mtu huyo yuko salama zaidi peke yake kwa dakika 10 kuliko akiwa nawe katika hali hiyo.

Karatasi zishughulikiwe mapema, za wote wawili. Katika nchi nyingi hati ya kawaida ya kumpa mtu mamlaka ya kukusimamia hukoma nguvu pale aliyeitoa anapopoteza uwezo wa kuamua, yaani wakati uleule inapohitajika. Ipo aina inayoendelea. Muulize mwanasheria, na isainiwe mzazi akiwa na akili timamu. Kisha swali ambalo familia hulikwepa: wewe ukitangulia kuanguka, nani anaingia? Jina moja, si "ndugu watasaidiana." Huyo aandikiwe ukurasa mmoja, mkubwa wa herufi, ubandikwe ndani ya mlango wa kabati: dawa za kila mmoja, anavyokula na asichoweza kumeza, anavyohamishwa, saa za choo, maneno anayotumia akiwa na maumivu, simu ya daktari. Halafu ukurasa ujaribiwe. Ondoka saa 48 ukiwa mzima, usipige simu, urudi uone ni wapi ulikosea kuandika. Jaribio la kwanza karibu kila mara hukwama kwenye kitu kidogo, kama ufunguo, au kikombe ambacho mama hanywi kwa kingine.

Nimalize kwa kazi, maana mmekaa muda mrefu. Kipimo hiki kinatumiwa na CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kuchunguza nguvu za miguu. Kiti kisicho na mikono, kimo cha sentimita 43, kimeegemezwa ukutani. Kaa katikati ya kiti, nyayo sakafuni, mikono ipishane kifuani. Simama wima kabisa, kaa, simama, kaa, sekunde 30, na hesabu mara ngapi umesimama. Ukijisaidia kwa mikono, alama ni sifuri. Wa miaka 60 hadi 64, mwanamume akipata chini ya 14 na mwanamke chini ya 12, miguu iko chini ya wastani wa rika. Wa miaka 80 hadi 84, chini ya 10 na chini ya 9. Mwenye goti bovu au kizunguzungu abaki amekaa, atatuhesabia. Waliokuja na wazazi wao, mzazi aanze, wewe usimame pembeni yake bila kumshika; kisha mbadilishane. Sogezeni viti ukutani. Nani ana saa yenye mshale wa sekunde?